Mali bila daftari: mwongozo wa wakaaji wa Lubumbashi wanaotaka kufuata pesa za komini yao

Mvua ya Desemba ikinyesha Katuba kwa saa moja tu, maji hayaulizi njia. Yanaingia kwa mlango wa mbele, yanabeba kandambili za watoto, yanatokea kwa jirani. Kesho yake akina mama wanatoa matope kwa beseni, akina baba wamesimama barabarani wakisema serikali imetusahau. Jua likiwaka siku mbili, neno limekwisha. Mwaka unaofuata mvua ni ileile na maneno ni yaleyale.

Nimekaa katika kamati mbili za avenyu, yaani za wakaaji wa barabara moja. Moja ilianza kwa kelele nyingi ikafa kabla ya kiangazi. Nyingine ilianza na kaye moja, yaani daftari, na biki moja, na bado inaishi. Ninayoyaandika hapa ni njia ya ile ya pili, pamoja na makosa ya ile ya kwanza, ili ninyi msiyalipe mara ya pili.

Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura, na kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006 tulichagua pia washauri wa komini, yaani wa kila sehemu ya mji yenye utawala wake. Wengi walitia alama kwenye karatasi ile bila kujua mshauri anafanya kazi gani. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo yenye mamlaka yake inaeleza wazi: baraza la komini ndilo linalopitisha bajeti ya komini na kuwasimamia watendaji wake, yaani bugumestri ambaye ndiye mkuu wa komini, msaidizi wake na maeshevani wawili, wajumbe wengine wa utawala huo. Kwa hiyo mtu wa kuulizwa yupo. Anayekosekana ni muulizaji, mwenye swali lililoshikika na karatasi mkononi.

Hatua ya kwanza: anzeni na kaye yenu wenyewe

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo kamati nyingi zinapofia.

Kila mtu Lubumbashi anajua likelemba. Akina mama kumi na wawili, kila Jumapili kila mmoja anatoa, mmoja anachukua chungu chote. Hakuna polisi wala mwanasheria, na pesa hazipotei. Mama mmoja wa soko la Kenya alinieleza siri yake: "Mwanangu, tunaandika mbele ya macho ya wote, na tunasoma kwa sauti." Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Likelemba ndiyo shule yetu ya demokrasia, na ilikuwepo kabla ya semina yoyote.

Kamati yetu ya kwanza ilidharau shule hiyo. Tulichangisha pesa za kununua mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Mtunza pesa alikuwa mtu mzuri kabisa, mzee wa kanisa. Hesabu aliiweka kichwani. Mtoto wake akaugua usiku, akagusa pesa kidogo akidhani atazirudisha, kisha akagusa tena. Siku ya kununua mabomba tukakuta nusu. Tangu siku hiyo hakupita tena katika avenyu yetu. Alizunguka kwa nyuma, njia ya mbali, kwa aibu. Tulipoteza pesa na tulipoteza mtu. Na kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulimwacha peke yake na mzigo ambao hakuna binadamu anayepaswa kuubeba peke yake.

Basi fanyeni hivi. Nunueni kaye ngumu ya kurasa 200, na kabla ya kuandika chochote pigeni namba kila ukurasa, ili pasipatikane wa kuchana. Andikeni kwa biki. Neno likikosewa, lipigwe mstari mmoja juu yake, lisomeke bado, na aliyekosea atie sahihi pembeni. Kila franka inayoingia au kutoka iwe na tarehe, sababu na sahihi mbili. Pesa zenyewe ziwekwe katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti, jinsi vikundi vya akiba na mkopo vinavyofanya. Kila mkutano uanze kwa kusoma ukurasa wa mwisho kwa sauti. Mtu asiyejua kusoma atasikia, na atauliza.

Hii si adabu ya kupendeza tu. Siku mtakapoiuliza komini imetumiaje pesa, swali la kwanza mtakaloulizwa ninyi ni "Na ninyi zenu?" Mkiwa na kaye hiyo juu ya meza, mazungumzo yanabadilika.

Hatua ya pili: nani akae kwenye kiti

Watu saba hadi tisa wanatosha. Nusu wawe wanawake, na wasiitwe kwa ajili ya kupika chai: wao ndio wanaojua saa ambayo maji ya Regideso yanatoka na nyumba ambayo imefurika. Tafuteni masoni mmoja, fundi wa kujenga, maana macho yake yanaona simenti pale ambapo sisi tunaona ukuta tu. Tafuteni kijana mwenye simu na subira. Muhula wa miezi sita, kisha uchaguzi upya, hata kama kamati inafanya vizuri. Nasema hasa kama inafanya vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapoanza kujiona wenye kiti.

Anayetaka kugombea kiti cha siasa atoke kwanza. Afanye siasa yake, ni haki yake, lakini kaye ya avenyu isiwe ngazi ya mtu.

Na kuna jambo moja la Lubumbashi ambalo vijana wengi hawakuliona kwa macho. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, majirani waliogeukiana wakiwa wamekunywa maji ya kisima kimoja. Kidonda hicho bado kinagusika. Mtu akitaka kuua kamati yenu haraka, hatasema ninyi ni wezi, atasema "ile ni kamati ya wale." Kwa hiyo wenyeji na waliokuja, makanisa mbalimbali na waislamu, wote waonekane mezani tangu siku ya kwanza.

Hatua ya tatu: jambo moja, lenye kipimo

"Barabara ni mbaya" si swali. "Tunataka maendeleo" si swali. Afisa atakubali kwa kichwa, atawapa mkono, mtarudi nyumbani.

Chukueni kamba, fungeni fundo kila mita moja, mpime mfereji kuanzia mwembe hadi kona. Tuseme ni mita 180. Hesabuni nyumba zilizofurika msimu uliopita, nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba akishuhudia. Pakeni jiwe moja rangi nyeupe, na kila Jumamosi kijana wenu apige picha akiwa amesimama juu ya jiwe hilohilo. Baada ya wiki nane mna ushahidi usiobishaniwa, kwa gharama ya kopo dogo la rangi.

Swali sasa linakuwa hivi: je, mfereji wa mita 180 wa avenyu hii umeandikwa katika bajeti ya komini ya mwaka huu? Kwa kiasi gani? Kimelipwa kiasi gani, na kwa nani? Swali hilo mtu hawezi kulijibu kwa tabasamu.

Hatua ya nne: jueni pesa zinatoka wapi

Watu wengi wanadhani komini ni maskini kwa asili. Angalieni kwanza ardhi mnayoikalia.

Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa redevansi ya madini, yaani malipo ambayo kampuni hulipa kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa eneo ambamo mgodi unachimbwa, yaani komini, sekta au shefferi (eneo la kichifu), na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kiwango chenyewe ni asilimia 3.5 kwa shaba, na asilimia 10 kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kobalti ikiwemo. Kwa mfano wa hesabu tu: kampuni ikilipa redevansi ya dola 1,000,000, dola 150,000 ni za komini, na zinapaswa kuingia moja kwa moja katika akaunti ya komini bila kupitia Kinshasa. Sheria hiyohiyo inaidai kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi, na isaini na jamii hizo kitabu cha ahadi zake. Mkaaji wa Ruashi au wa Annexe ana haki ya kuuliza kitabu hicho kiko wapi. Malipo ya makampuni hutangazwa pia katika ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi wa mapato ya madini na mafuta; mwanafunzi yeyote mwenye mega kidogo za intaneti anaweza kuzisoma na kuwaletea ukurasa mmoja tu unaowahusu.

Kamalondo haina mgodi, wala komini ya Kenya. Lakini zina soko, na hapa kuna mbinu ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu haimwombi mtu yeyote karatasi. Kila asubuhi mpokeaji wa kodi hupita mezani, muuzaji analipa, anapewa tiketi. Kwa kawaida tiketi hutupwa chini. Ombeni akina mama thelathini waziweke katika mfuko wa plastiki kwa mwezi mzima. Mwisho wa mwezi kaeni pamoja, zihesabuni, mwone pia ni mama wangapi walilipa bila kupewa tiketi. Kisha hesabuni meza zote za soko. Tuseme meza 400, franka 500 kwa siku, siku 26: hiyo ni franka 5,200,000 kwa mwezi. Namba hizi ni za mfano, wekeni zenu. Halafu fungueni bajeti ya komini kwenye mstari wa kodi za soko, na wekeni namba mbili hizo bega kwa bega. Zikikaribiana, mshukuruni mpokeaji hadharani, maana naye anastahili. Zikiachana mbali, mna swali la pili.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Januari. Bajeti ya mwaka ujao inapikwa katika miezi ya mwisho ya mwaka huu. Atakayekuja na ombi lake Februari atakuta chakula kimeshagawanywa.

Hatua ya tano: mlango wa ofisi

Anzeni kwa shefu wa kartie, yaani wa mtaa wenu. Yeye hana bajeti, kwa sababu mbele ya sheria kartie si eneo lenye mamlaka yake kama komini, lakini mkimruka mmemvunjia heshima na atawafungia milango mingine. Nendeni watatu, mama akitangulia. "Hodi, Papa Shefu. Tumekuja kukuonyesha kazi tuliyoifanya kabla haijafika popote." Mwacheni aisome. Mara nyingi ataongeza jambo ambalo hamkulijua.

Kisha barua kwa bugumestri, nakala kwa rais wa baraza la komini. Barua za ofisi zinaandikwa kwa Kifaransa, lakini msimfanye mtu atie sahihi kwenye karatasi ambayo hakuisikia kwa lugha yake. Isomeni kwanza kwa Kiswahili mbele ya mkutano wote, sentensi kwa sentensi, watu warekebishe. Katiba, kifungu cha kwanza, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Barua iwe ya ukurasa mmoja: kipimo, swali, picha mbili, sahihi.

Andikeni juu yake kwamba ni petisyo kwa mujibu wa kifungu cha 27 cha Katiba. Kifungu hicho kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna anayeruhusiwa kushtakiwa kwa sababu ya kuandika. Mzee mmoja wa avenyu yetu alipokisikia kifungu hicho kikisomwa alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba akiguse kwa kidole kwenye karatasi kabla ya kutia sahihi yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Chapeni nakala mbili za kila kitu. Moja inabaki ofisini, ya pili inapigwa kasheti (muhuri) ya mapokezi, tarehe na sahihi ya aliyepokea, nanyi mnarudi nayo. Mara ya kwanza sisi tulimwachia barua kijana wa mapokezi katika ofisi moja, tukamshukuru, tukaenda. Wiki tatu baadaye hakuna aliyewahi kuiona, na sisi hatukuwa na cha kuonyesha. Tulianza upya na sahihi zote. Wakikataa kupiga kasheti, msigombane. Ulizeni kwa upole jina la kiongozi wa huduma, rudini kesho mkiwa watano. Kasheti ikishapigwa, hesabuni miezi mitatu na mwandike tarehe ya mwisho kwenye jalada la kaye kwa herufi kubwa.

Hatua ya sita: kungoja si kulala

Mtafuteni mshauri mliyemchagua. Mwombeni jambo moja tu: asome barua yenu katika kikao cha baraza. Nendeni kwenye redio ya mtaa mkiwa na swali lilelile, bila matusi na bila jina la mtu. Katika kundi la Watsapu wekeni kanuni kwamba wasimamizi tu ndio wanaotuma habari za petisyo, la sivyo itazama chini ya maombi ya usiku na matangazo ya kuuza makala (makaa).

Inafaa kujua pia kwamba hatuanzi kutoka sufuri. Kivu ya Kusini, zaidi ya miaka kumi iliyopita, komini za Bukavu zilijaribu bajeti shirikishi, wakaaji wakiitwa kwa ujumbe wa simu kuja kuchagua kipi kijengwe kwanza. Wazo hilo lilitoka Porto Alegre, Brazili, ambako lilianza mwaka 1989. Na vijana wa vuguvugu la Lucha, waliojiunga Goma mwaka 2012, walidai maji na kazi bila kurusha jiwe. Soma njia zao, chukua kinachofaa avenyu yako.

Hatua ya saba: kazi ikianza, macho yafunguke

Siku lori la mchanga litakapofika mtashangilia, na ndipo wengi wanapofunga kaye. Huo ndio wakati wa kuifungua.

Masoni wenu afanye hesabu hii. Zege la kawaida la mfereji wenye chuma linahitaji simenti kilo 350 kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Chukulieni mfereji wenye sakafu ya upana wa sentimita 80 na unene wa sentimita 10, na kuta mbili za kimo cha sentimita 60 na unene wa sentimita 15. Mita 10 za mfereji huo zinakula zege mita 2.6 za ujazo, ambayo ni mifuko kama 18. Basi wekeni mtu kila siku, kwa zamu, kwenye kivuli cha mwembe, anayehesabu mifuko mitupu jioni. Asiwafokee mafundi, wengi wao ni watoto wetu na wanalipwa kidogo. Ahesabu tu na aandike. Mkiona mifuko 9 kwa mita 10, nendeni kwa msimamizi wa kazi siku hiyohiyo mkiwa na kaye, kabla zege halijakauka, kwa sababu likikauka ukweli umefunikwa.

Hatua ya nane: ikiwa mlango umefungwa

Miezi mitatu ikipita bila jibu, andikeni ya pili mkitaja tarehe ya kasheti ya kwanza, nakala kwa meya na kwa baraza la jimbo. Mkiamua kuandamana, kifungu cha 26 cha Katiba kinawataka wenye maandamano wajulishe mamlaka kwa maandishi. Kujulisha si kuomba ruhusa, lakini nitasema wazi: kuna siku sheria iko karatasini na fimbo iko barabarani. Msiwapeleke watoto. Msimtume mtu peke yake popote. Wakili mmoja ajue mapema saa na njia. Picha za nyuso za majirani zisitumwe mtandaoni. Hali ya mji ikiwa moto, ahirisheni. Mfereji utangoja wiki mbili, mtu aliyeumia hatarudi alivyokuwa.

Mwanasiasa akija na fulana na bahasha, pokeeni salamu zake na mkatae bahasha mbele ya watu. Akitaka kusaidia kweli, aulize swali lenu katika baraza.

Swali la kusajili chama litakuja pia. Sheria ya 20 Julai 2001 inaelekeza namna ya kupata utu wa kisheria kupitia waziri wa sheria, na ni kazi ya muda na pesa. Kwa petisyo haihitajiki, kwani kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani. Sajilini siku mtakapohitaji akaunti ya benki, si kabla.

Hatua ya tisa: kurudisha jibu kwa wenyewe

Jibu likifika, hata likiwa baya, lisikae mfukoni mwa rais wa kamati. Fanyeni fotokopi, ibandikeni penye bomba la maji, na pembeni tafsiri ya Kiswahili kwa herufi kubwa. Iteni mkutano Jumapili saa kumi jioni, baada ya ibada na kabla ya bukari (ugali). Lisomwe lote. Kama komini imesema hakuna pesa mwaka huu, someni pia namba za tiketi za soko na za redevansi, watu wapime wenyewe. Kama imesema ndiyo, iandikeni ahadi hiyo pamoja na tarehe yake, na aliyetia sahihi ni nani.

Halafu kamati ya zamani ikabidhi kaye, funguo tatu na kamba yenye mafundo kwa wapya, mbele ya wote, na mtunza pesa mpya ahesabu sanduku kwa sauti hadi franka ya mwisho. Ukurasa unaofuata uandikwe tarehe ya mkutano ujao na jina la atakayepiga picha juu ya jiwe jeupe Jumamosi.